Binadamu na Sokwe Tunafanana kwa Asilimia Ngapi Hasa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa Mombasa mada hii haikosi kuzuka, iwe barazani Mji wa Kale baada ya Isha au kwenye foleni ya feri Likoni: "Eti sisi na sokwe tuko sawa asilimia 99!" Mmoja hucheka, mwingine hukasirika, wa tatu hutoa simu atafute. Mimi hufundisha baiolojia, na maswali yaliyomo humu ni yale ninayoulizwa na wanafunzi, wazazi wao na majirani. Sokwe ninayemsema humu ni yule aitwaye chimpanzee kwa Kiingereza. Palipohitaji maelezo marefu nimeeleza kwa urefu. Pasipohitaji nimepita haraka.

Nipe jibu la haraka: ni asilimia ngapi?

Inategemea umehesabu nini. Ukizipanga zile sehemu za DNA yetu na ya sokwe zinazolingana, ukahesabu herufi mojamoja zilizobadilika, tofauti ni asilimia 1.23, yaani tunafanana kwa asilimia 98.8 hivi. Ukijumlisha na vipande vilivyoongezeka upande mmoja au kupotea upande wa pili, unashuka hadi asilimia 96 au 95. Ukitaka kuweka kwenye mizani jenomu nzima, pamoja na zile sehemu zenye marudio mengi ambazo hata kuzilinganisha ni kazi ngumu, unashuka zaidi. Namba zote hizo ni za kweli. Tatizo ni mtu kuitaja mojawapo bila kusema imepatikanaje, na ndivyo inavyofanyika karibu kila inapotajwa.

Hizo "herufi" ni zipi?

DNA ni uzi mrefu sana uliokunjwa ndani ya kiini cha seli. Umejengwa kwa vijenzi vya aina nne tu, vinavyofupishwa A, T, G na C, na mpangilio wa vijenzi hivyo ndio unaobeba maagizo ya kuunda na kuendesha mwili. Seti moja ya binadamu ina herufi kama bilioni 3.1, na kila mmoja wetu ana seti mbili, ya mama na ya baba. Seti nzima ndiyo huitwa jenomu. Jeni zinazoagiza protini zitengenezwe ni kama 20,000, na sehemu zake zenye maagizo ya protini hazifiki hata asilimia 2 ya jenomu. Likumbuke hili, litatufaa mbele.

Mbona namba zinagongana? Huyu anasema 99, yule 96, mwingine anasema hata 90 haifiki.

Chukulia utenzi mrefu ulionakiliwa kwa mkono na waandishi wawili, mmoja Lamu na mwenzake Mombasa, wote wakinakili kutoka mswada mmoja wa zamani. Miaka imepita, nawe umewekewa nakala zote mbili mezani uambiwe useme zinafanana kwa kiasi gani. Ukichukua beti zilizomo katika nakala zote mbili tu, utakuta herufi moja moja imebadilika hapa na pale, na utasema zinafanana sana. Lakini yule wa Lamu aliruka beti kadhaa. Yule wa Mombasa alirudia ubeti mmoja mara tatu, na karatasi moja ameibandika juu chini. Je, ubeti uliorudiwa ni kosa moja au ni herufi mia zilizozidi? Ile karatasi iliyopinduliwa, ambayo maneno yake yote yamo, utaihesabu vipi? Ni lazima uamue kwanza, ndipo namba ije.

Wanasayansi wamo katika hali hiyohiyo. Mwaka wa 2005 kundi kubwa la watafiti wa nchi mbalimbali lilichapisha jenomu ya kwanza ya sokwe, iliyosomwa hasa kutoka kwa dume mmoja aitwaye Clint, aliyeishi katika kituo cha Yerkes, Atlanta, na kufa mwaka mmoja kabla. Walikuta herufi mojamoja zilizobadilika ni kama milioni 35. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 1.23. Walikuta pia mahali kama milioni 5 ambapo kipande kimeongezeka au kimepotea. Milioni 5 ni chache kuliko 35, lakini kipande kimoja chaweza kuwa na herufi maelfu, kwa hiyo kwa jumla vipande hivyo vinaongeza tofauti ya kama asilimia 3. Ukijumlisha unapata asilimia 4 na ushei. Roy Britten alikuwa amekwisha kulisema hilo mwaka wa 2002: alihesabu vipande pamoja na herufi, akapata kwamba kufanana ni asilimia 95 hivi.

Ziko sehemu zilizobadilika kwa kasi zaidi. Kromosomu ni vile vifungu virefu ambavyo DNA imegawanyika. Kromosomu Y, ile inayorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, ilipolinganishwa mwaka wa 2010, zaidi ya asilimia 30 ya sehemu ya Y ya sokwe inayohusu madume peke yao haikuwa na mwenzake kwa binadamu.

Kisha mwaka wa 2025 zikachapishwa jenomu za aina sita za jamaa zetu: sokwe, bonobo, gorila, orangutanu wa Borneo, wa Sumatra, na siamangi. Safari hii kromosomu nyingi zilisomwa kutoka ncha hadi ncha bila pengo. Ikaonekana kwamba kati ya asilimia 12.5 na 27.3 ya jenomu, kutegemea ni aina gani zinazolinganishwa, haikubali kupangwa moja kwa moja na nyingine. Wapo waliolidaka hilo wakatangaza kwamba zile 98.8 zilikuwa uongo tangu mwanzo. Hawakusoma vizuri. Sehemu kubwa ya maeneo hayo ni marudio marefu yanayobadilika upesi, na mengine yanatofautiana hata baina ya binadamu na binadamu. Zile herufi zinazolingana bado zinafanana kwa kiwango kilekile tulichokijua. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuona maeneo ambayo zamani yaliachwa nje ya hesabu.

Nani alianza kusema "asilimia 99"?

Mary-Claire King na Allan Wilson, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwaka wa 1975. Wakati huo hakuna aliyeweza kusoma jenomu nzima. Walilinganisha protini za damu na za seli, wakakuta zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka wa 1984 Charles Sibley na Jon Ahlquist walizichanganya DNA zenyewe, nyuzi za binadamu na za sokwe, wakapima joto linalohitajika kuzitenganisha. Wao walipata kama 98.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba King na Wilson walikumbukwa kwa namba, na hoja yao ikasahauliwa. Waliandika kwamba kufanana huko kwa protini ni kukubwa mno kiasi kwamba hakuwezi kueleza tofauti zetu na sokwe, kwa hiyo tofauti zitafutwe katika namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa. Miaka hamsini baadaye utafiti umewapa haki.

Nimeambiwa nimerithi nusu ya DNA yangu kwa baba. Inakuwaje nifanane na baba kwa 50 na sokwe kwa 99?

Nalipenda swali hili kuliko yote, maana anayeliuliza amefikiri. Ukisikia 50 na 99 lazima ushtuke. Ukweli ni kwamba hizo ni hesabu mbili za vitu viwili tofauti.

Ukisema nusu yako imetoka kwa baba, unazungumzia ni nakala ipi uliyopewa na nani. Katika kila jozi ya kromosomu, moja ni ya baba na moja ya mama. Lakini nakala ya mama na nakala ya baba zenyewe zinafanana herufi kwa herufi kwa kama asilimia 99.9, kwa sababu wote wawili ni binadamu. Kwa kipimo kile kinachotumika kwa sokwe, wewe na baba yako mnazidi 99.9. Hata wewe na mtu usiyemjua mliyekaa naye kiti kimoja kwenye matatu ya Kisauni ni 99.9.

Ndiyo maana maabara inayopima nani ni baba wa mtoto haihangaiki na jenomu nzima. Inachagua sehemu chache zinazotofautiana sana baina ya watu, hasa vipande vifupi vinavyojirudia, kisha inaangalia kama katika kila sehemu mtoto ana nakala moja inayopatikana kwa huyo mwanamume. Kwenye sehemu hizo chache, nusu ya mtoto lazima itoke kwa baba. Sehemu nyingine zote zingetoa majibu yaleyale kwa kila mtu, na kesi isingeisha.

Na habari ya kwamba tunafanana na ndizi kwa asilimia 50 au 60?

Hiyo si hesabu ya herufi. Inamaanisha kwamba karibu asilimia 60 ya jeni zetu zina jeni inayotambulikana kuwa jamaa yake katika mgomba, kwa sababu seli ya mgomba nayo lazima ivunje sukari, inakili DNA na ijigawe. Jeni hizo mbili zenyewe zinaweza kuwa zimeachana sana. Pia kumbuka kwamba kwa kuwa herufi ni nne tu, ukichukua mistari miwili ya herufi zilizomwagwa ovyo, itagongana kwa robo bila undugu wowote. Kuziweka namba za ndizi na za sokwe kwenye orodha moja ni kumpotosha msomaji.

Kama tofauti ni ndogo hivyo, mbona sokwe yuko msituni na sisi tunajenga Daraja la Nyali?

Kwanza, tofauti si ndogo. Asilimia 1.23 ya mabilioni ya herufi ni mamilioni ya mabadiliko. Protini zetu asilimia 29 ni zilezile kabisa na za sokwe. Zilizobaki hutofautiana kidogo, kwa kawaida vijenzi viwili tu vya asidi amino.

Pili, mabadiliko hayana uzito sawa. Mengi yameangukia mahali ambapo hayafanyi kitu kinachoonekana. Machache yameangukia kwenye swichi za jeni, zile sehemu zinazoamuru jeni fulani iwake lini, kwenye kiungo gani na kwa muda gani. Ubongo wa sokwe una ujazo wa kama sentimita za ujazo 400, wetu kama 1,350, na protini za kuujenga zinakaribia kuwa zilezile. Wetu unakua kwa muda mrefu zaidi.

Tazama mfano mmoja kwa karibu. Mwaka wa 2006 Katherine Pollard na wenzake walitafuta sehemu za jenomu ambazo wanyama wengine wamezitunza bila kuzibadilisha, halafu kwa binadamu zikabadilika ghafla. Iliyoongoza orodha waliiita HAR1. Ina herufi 118 tu. Ukilinganisha ya kuku na ya sokwe, ambao nasaba zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, utakuta herufi 2 tu ndizo tofauti. Ukilinganisha ya sokwe na ya binadamu, walioachana juzi kwa kulinganisha, utakuta 18. Sehemu hiyo hufanya kazi katika ubongo wa mimba unapoanza kujipanga. Mimi huwaandikia wanafunzi namba hizo ubaoni, 2 na 18, nikanyamaza, nikawaacha wazitazame.

Mfano wa pili ni familia ya jeni iitwayo NOTCH2NL, iliyoelezwa na makundi mawili ya watafiti mwaka wa 2018. Ilitokana na kipande cha jeni ya zamani kilichonakiliwa. Kwa sokwe nakala zilizopo hazifanyi kazi. Kwetu zinafanya, nazo huchelewesha seli changa za ubongo kukomaa, hivyo seli hizo zinapata muda wa kujigawa zaidi kabla ya kuwa seli za neva. Kwenye ile hesabu ya herufi mojamoja, nakala ya ziada kama hii haionekani kabisa. Ndiyo sababu nasisitiza: asilimia pekee haitakuambia nini kimetufanya tuwe tulivyo.

Kuna pia FOXP2, maarufu kwa jina la "jeni ya lugha". Kati yetu na sokwe protini yake inatofautiana kwa asidi amino mbili, na binadamu ambaye jeni hiyo imeharibika hupata taabu kubwa ya kutamka. Lakini lugha haikuletwa na jeni moja, na jina hilo limetia chumvi.

Je, chakula kimetubadilisha?

Ndiyo, na ushahidi uko mdomoni. Mate yana kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga tangu unapotafuna muhogo au wali. Jeni yake inaitwa AMY1. Sokwe kwa kawaida ana nakala mbili, moja kwa kila mzazi. Watu wengi wana kama sita, wengine wanapita kumi. Utafiti wa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba jamii zilizozoea vyakula vya wanga zina nakala nyingi zaidi kwa wastani.

Sokwe ana kromosomu 48, sisi 46. Mbili zilienda wapi?

Hazikupotea. Ziliungana.

Ncha za kromosomu zetu, kama za wanyama wengine wenye uti wa mgongo, zimefungwa kwa herufi sita zinazojirudia mara nyingi sana: TTAGGG TTAGGG TTAGGG. Kazi yake ni kuilinda ncha isichakae. Mahali pake ni mwisho wa kromosomu. Sasa, katika kromosomu yetu nambari 2, ndani kabisa, mbali na ncha zote mbili, kuna mahali ambapo TTAGGG hujirudia, kisha ghafla mwelekeo unageuka na kuwa CCCTAA CCCTAA, ambayo ni TTAGGG ileile ikisomwa kutoka uzi wa upande wa pili. Yaani ncha mbili zimekutana uso kwa uso. Hilo lilichapishwa mwaka wa 1991. Juu ya hayo, kila kromosomu ina sentromea moja, mahali inaposhikwa seli inapojigawa. Kromosomu 2 ina moja inayofanya kazi na mabaki ya nyingine iliyokufa. Na ukiipanga na kromosomu za sokwe, inalingana na mbili zake, moja baada ya nyingine.

Wengine hudhani muungano huo ndio uliotufanya watu. Sioni sababu ya kuamini hivyo. Hata leo, takriban mtu mmoja kati ya elfu moja ana kromosomu mbili zilizoungana, anabaki na 45, na wengi wao wana afya njema wala hawajui.

Kwa hiyo tumetokana na sokwe?

Hapana, na hakuna mwanabaiolojia anayefundisha hivyo. Sokwe wa leo ni wa leo, kama sisi. Kinachosemwa ni kwamba yeye na sisi tuna wahenga wa pamoja walioishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na tangu hapo kila upande umebadilika kwa njia yake.

Wakenya tunapaswa kulijua hili kuliko wengi, kwa sababu Baringo peke yake imetoa ushahidi wa pande zote mbili. Katika vilima vya Tugen, mwaka wa 2000, kundi la Brigitte Senut na Martin Pickford lilipata mifupa ya Orrorin tugenensis, kiumbe wa kama miaka milioni 6 iliyopita ambaye mfupa wake wa paja unaashiria kwamba alitembea kwa miguu miwili. Na mwaka wa 2005 yakatangazwa meno kutoka miamba ya Kapthurin, karibu na Ziwa Baringo, yenye umri wa kama miaka nusu milioni: visukuku vya kwanza vya sokwe kutambuliwa popote duniani. Leo Kenya haina sokwe wa porini. Wakati ule walikuwa wakiishi Bonde la Ufa, eneo lilelile walimoishi watu wa kale.

Huenda tunafanana kwa sababu tu miili yetu inahitaji vitu vilevile. Undugu unatoka wapi?

Hoja hiyo ina nguvu ukizungumzia jeni zinazofanya kazi. Inapwaya ukifika kwenye zilizoharibika.

Mbuzi hajui kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kwa sababu ini lake hujitengenezea vitamini hiyo. Komba, yule anayelia usiku juu ya miembe yetu, naye hujitengenezea. Sisi hatuwezi, lazima tule machungwa, mapera na maembe. Sokwe hawezi. Tumbili hawezi. Lakini jeni ya kuitengeneza, iitwayo GULO, bado tunayo, ila imekatikakatika na haifanyi kazi, na mabaki yake kwetu na kwa sokwe yamevunjika kwa namna ileile. Panya wa Guinea naye aliipoteza, lakini yeye imevunjika kwa njia yake mwenyewe. Kama kila mmoja angeipoteza peke yake, kwa nini sisi na sokwe tuwe na mivunjiko ileile? Maelezo mepesi ni kwamba ilivunjika mara moja, kwa wahenga wetu wa pamoja, kisha wote tukairithi ikiwa mbovu.

Je, jambo hili linapingana na dini?

Mimi si shehe wala mchungaji, na katika mji huu swali hili huulizwa kwa moyo mzito, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Idadi ya herufi zinazolingana ni kipimo; Mwislamu, Mkristo, Mhindu na asiye na dini wakihesabu kwa njia moja watapata jibu moja. Wanabaiolojia wanaeleza kipimo hicho kwa nasaba ya pamoja, na ushahidi wake ni mwingi. Wapo waumini wengi, wakiwamo wanasayansi, wanaokubali maelezo hayo na imani yao iko palepale, wapo wasiokubali. Lakini thamani ya mtu, dhamana aliyopewa na namna atakavyohesabiwa, hayo jenomu haiyasemi, na mwalimu wa baiolojia asijifanye anayasoma humo.

Nimesikia watu wakidai Mwafrika yuko karibu na sokwe kuliko Mzungu.

Ni uongo mtupu, na umewaumiza watu wetu kwa karne nyingi. Nasaba ya sokwe ilitengana na ya binadamu mamilioni ya miaka kabla hakujawa na Mwafrika wala Mzungu. Mtu wa Likoni na mtu wa London wako umbali uleule kutoka kwa sokwe.

Watu wawili wowote wanatofautiana kwa kama asilimia 0.1. Watu wenye tofauti nyingi zaidi baina yao wako Afrika, kwa sababu hapa ndipo binadamu walipokaa muda mrefu zaidi. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, mwaka wa 2021 yalitangazwa mazishi ya mtoto mdogo aliyelazwa kwa uangalifu miaka 78,000 hivi iliyopita, mazishi ya binadamu ya kale zaidi yanayojulikana Afrika. Watafiti walimwita Mtoto. Kwa upande mwingine, sokwe wa maeneo mawili ya Afrika wanaweza kutofautiana zaidi kuliko watu wa mabara mawili. Anayetafuta "rangi" ndani ya jenomu ya binadamu anatafuta kwa spishi yenye tofauti chache kuliko karibu jamaa zake wote.

Bonobo na gorila je?

Bonobo, anayeishi Kongo kusini mwa mto Kongo, yuko karibu nasi sawasawa na sokwe. Wao wawili waliachana baada ya kuachana nasi. Jenomu yake ilichapishwa mwaka wa 2012, na ikaonekana kwamba kuna sehemu, kama asilimia 1.6 ya jenomu yetu, ambapo tunafanana na bonobo kuliko bonobo anavyofanana na sokwe. Jenomu ya gorila ilitoka mwaka huohuo, nayo inaonyesha kwamba katika asilimia 15 hivi sisi tuko karibu na gorila kuliko na sokwe. Si ajabu: nasaba zilipokuwa zikitengana, kila kipande cha DNA kilifuata njia yake.

Na hawa tumbili wa Nyali na kima wa Diani?

Wako mbali zaidi. Jamaa yao, tumbili wa Asia aitwaye resasi, jenomu yake ilichapishwa mwaka wa 2007 na inafanana na yetu kwa kama asilimia 93. Komba yuko mbali zaidi ya hapo.

Binadamu na sokwe wanaweza kuzaa pamoja?

Hakuna uzao wa aina hiyo unaojulikana. Katika miaka ya 1920 Mrusi Ilya Ivanov alijaribu kuwapandisha sokwe jike mbegu za mtu, kule Guinea iliyokuwa chini ya Ufaransa, na hakupata mimba. Lilikuwa jaribio baya kwa kila kipimo cha maadili. Yule sokwe Oliver, aliyetembezwa Marekani akiitwa nusu mtu kwa sababu alipenda kutembea wima, alipimwa miaka ya 1990: kromosomu 48, sokwe kamili.

Ukaribu huu unahusu nini afya yetu?

Maradhi huvuka kirahisi baina yetu. Virusi vilivyosababisha janga la UKIMWI duniani vilitokana na virusi vya sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun, kama ilivyoonyeshwa mwaka wa 2006. Kimelea cha malaria kinachoua zaidi hapa Pwani, Plasmodium falciparum, kilitoka kwa gorila, kama ilivyochapishwa mwaka wa 2010. Na mlango huo unafunguka pande zote mbili, kama utakavyoona katika jibu linalofuata.

Nikitaka kuwaona sokwe kwa macho yangu, niende wapi?

Hapa Kenya nenda Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki. Ilifunguliwa mwaka wa 1993 kuwapokea sokwe yatima waliotoka Burundi. Ukitaka walio porini, Tanzania kuna Gombe, alikoanza kazi Jane Goodall mwaka wa 1960, na Mahale. Uganda kuna Kibale na Budongo.

Ukienda, usikaribie kupita unavyoruhusiwa, vaa barakoa ukiambiwa, na kama una mafua ahirisha safari hata kama umeshalipa. Mwaka wa 2013 katika msitu wa Kibale, rinovirusi C, ambayo kwa watoto wetu aghalabu ni mafua tu, iliingia katika kundi la sokwe 56 na kuwaua watano.